Jumatatu ya Daiva

Nakumbuka siku moja nilisikia maji yakiimba. Nilikuwa nimetoka kazini mchana, kofia ya sufu bado kichwani, ndiyo kwanza nimefunga mlango wa mbele, na kutoka ghorofani ikashuka sauti ya mapovu: bubu-bubu-bubu, ikipanda, ikishuka, ikipanda tena, kama sufuria ya uji iliyofundishwa nyimbo za kanisa. Mwanangu, nikajua boila ya kuchemshia maji imepasuka. Nyumba ile tuliyopanga pale Erdington, mtaa wa Birmingham huko Uingereza, ilikuwa na boila ya umri wangu wa sasa, na mwenye nyumba alikuwa mtu wa kusema atakuja kesho. Nikabeba ndoo ya kupigia deki, nikapanda ngazi mbili mbili, nikasukuma mlango wa chumba cha nyuma bila kubisha hodi.

Sakafu ilikuwa kavu. Dirishani alisimama msichana mrefu, nywele rangi ya majani makavu, mrija mdomoni, na ncha ya pili ya mrija imezama ndani ya bilauri ya maji. Alikuwa anapuliza na kuimba kwa wakati mmoja; ndiyo mazoezi yao ya kulainisha koo, nilikuja kuambiwa. Aliniona, akaiona ndoo, lakini hakuacha mpaka amalize mstari wake. Kisha akautoa mrija, akaniuliza kwa upole kama nimekuja kuchota maji.

Hivyo ndivyo tulivyojuana na Daiva, mpangaji mpya, soprano kutoka Lithuania.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Nilikuwa nimetoka Voi miaka minne nyuma, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na Jumapili naongoza kwaya ya ushirika wetu wa Wakenya katika ukumbi tuliokodi karibu na barabara kuu. Lithuania, nakiri, nililazimika kuitafuta kwenye ramani ya shule ya mtoto wa jirani. Nchi yao ilikuwa imeingia Umoja wa Ulaya miaka miwili tu nyuma, na vijana wao walimiminika Uingereza kama sisi tulivyomiminika kabla yao, isipokuwa wao hakuna aliyewauliza viza. Na opera nilikuwa sijawahi kuiona. Ni yeye aliyenieleza, tukiwa tumekaa jikoni, mimi na ugali wangu, yeye na supu yake baridi ya bitiruti, ya pinki kama nguo ya mtoto: ni mchezo wa kuigiza ambao kila neno linaimbwa, hakuna kipaza sauti, na sauti ya mtu mmoja lazima ivuke okestra nzima iwafikie walioketi nyuma kabisa. Soprano ndiye mwenye sauti ya juu kuliko zote. Nilimtazama shingo yake ile nyembamba, nikaona kama ananidanganya.

Daiva alikuwa mchapakazi, mwanangu, sijaona mfano wake. Alfajiri alikuwa kiwandani, ndani ya chumba baridi, akipanga mayai kati ya vipande vya mkate. Adhuhuri alishavua kofia ya wavu, amepanda treni kwenda mjini kwa mwalimu wake wa kuimba, bibi mmoja mkali aliyemkumbusha kila wiki kwamba sauti haina vipuri. Kiwandani mashine zilinguruma na wafanyakazi wenzake wakapayuka kuzishinda, lakini yeye alinyamaza, akaongea kwa mikono. Wenzake walisema ana maringo. Maneno ya Kiitaliano ya wimbo wake aliyaandika kwa kalamu kwenye mkono, chini ya glavu, ayakariri mayai yakipita.

Lakini kilichonishangaza ni kwamba mwimbaji huyu hakuwa anaimba. Akifanya mazoezi chumbani, noti za juu alizipitia kwa uzi mwembamba wa sauti, au alizishusha chini kabisa, na mkono wake ukachora hewani pale ambapo sauti ingefika. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, anaweka. Anaweka nini? Akacheka, akaigusa skafu aliyojifunga shingoni hata ndani ya nyumba, akasema anaiweka kwa ajili ya siku yenyewe.

Kwetu mtu haweki. Wewe umekulia kwenye kwaya, unajua. Ukisimama kuimba unaimba mpaka mshipa wa shingo utoke, na ukirudi kwenye kiti bila jasho watu watauliza kama kweli umeokoka. Nilimwona Daiva kama mtu mwenye shamba kubwa anayekula kwa kijiko cha chai. Nilimpenda, lakini nilidhani kazi yake naielewa vizuri kuliko anavyoielewa yeye mwenyewe. Ujana una kiburi cha namna hiyo, na miaka thelathini na tatu bado ni ujana, usikubali wakudanganye.

Mwezi wa tatu ikaja habari kubwa. Kampuni moja ya opera inayozunguka miji ilikuwa inatafuta soprano kijana wa kuigiza mtumishi mjanja anayewazidi akili mabwana zake. Miezi tisa jukwaani, jina kwenye programu, na kwaheri mayai. Waimbaji wangesikilizwa Jumatatu saa nne asubuhi, mjini hapo hapo. Mwalimu wake alimwambia nafasi kama hiyo, kwa msichana asiye na mtu wa kumshika mkono nchi hii, inaweza isirudi. Daiva akabandika kikaratasi kwenye friji. Hakuandika jambo lolote ila siku: Jumatatu.

Nami nikamtangaza. Niliwatangazia wazee ninaowaogesha, nikawatangazia kwaya, nikamtangazia dereva wa basi. Nilisema "soprano wetu" kama vile nilimzaa.

Sasa, Jumamosi iliyotangulia Jumatatu hiyo palikuwa na harusi. Bwana harusi alikuwa kijana wa kwetu Taita, muuguzi. Bibi harusi alikuwa Mkikuyu, nyumbani kwao Great Barr, karibu na ile barabara kuu ya M6 ambayo ngurumo yake haikatiki. Nilimwomba Daiva aje ale, acheke, apumzishe kichwa. Akakubali kwa sharti arudi mapema. Ndani ya basi alikuwa na furaha, na akaniambia kwamba leo yeye ni masikio tu.

Unaijua desturi ya kumchukua bibi harusi. Upande wa bwana harusi huja na nyimbo, wanakuta kumefungwa, na walio ndani hawafungui mpaka waimbiwe waridhike. Kule nyumbani ni lango. Great Barr ilikuwa ni mlango wa kawaida, wa kijani, wenye kile kitundu cha kuingizia barua, na nyuma ya kitundu alikuwa amepiga magoti Mama Njeri, shangazi wa bibi harusi, mwanamke mwenye ulimi ambao hata leo nikiukumbuka najishika mbavu.

Tulikuwa wanawake kama kumi na watano barabarani, vitenge juu ya makoti, mvua ile ndogo isiyoanguka wala kuondoka. Tukaimba kwamba tumekuja kwa amani, tufungulieni. Kitundu kikafunuka.

"Huko nje kuna watu, ama ni redio imeisha betri?"

Ndani wakaangua kicheko. Tukaimba tena, kwa nguvu zaidi. Lori likapita kule juu, likatumeza sote. Kitundu kikafunuka tena.

"Nyinyi Wataita mmekuja kuoa ama kuleta barua? Kama ni barua, pitisheni hapa hapa, twende tukanywe chai."

Tulicheka pia, lakini nikuambie ukweli, mimi kilinichoma. Nilikuwa kiongozi wa kwaya. Watoto wetu waliozaliwa hapa walikuwa wamejiegemeza kwenye magari, wamevaa suti, wakiambiana kwa Kiingereza kwamba mama zao wanashindwa. Nusu saa ikapita. Sauti zetu zilikuwa zinachakaa kwenye ule unyevu, na kila tukipanda, barabara ile inatushusha. Ndipo nikageuka nyuma, nikamwona Daiva amesimama chini ya mwavuli, anatabasamu, mdomo umefunikwa na skafu.

Nikamshika mkono nikamvuta mbele. Akajua kabla sijasema. Akaweka kiganja juu ya skafu, akaniinamia, akasema kwa sauti ndogo, yangu peke yangu:

"Mghoi, Jumatatu."

Nilisikia. Hilo ndilo nataka ulishike, mwanangu. Watu wengine wanapohadithia makosa yao husema hawakusikia, hawakujua, hawakuelewa. Mimi nilisikia vizuri kabisa. Kisha nikapiga kelele mlango mzima usikie kwamba sasa Mama Njeri ajishike, maana tumekuja na mwimbaji wa opera.

Wanawake wakapiga vigelegele. Wakamzunguka, wakamfungulia njia, mmoja akamfuta mvua begani. Mgeni, katikati ya furaha ya watu wasiomjua lakini wamekwisha kumpenda, angesema hapana kwa mdomo gani? Akanitazama mara moja. Akafungua skafu.

Tukaanzisha wimbo wetu. Kiitikio alikuwa ameshakishika kwa kutusikiliza. Safari ya kwanza alikwenda nasi, chini chini. Safari ya pili akatuacha. Sijui nikuelezeje. Ile sauti ilitoka kwenye shingo ile nyembamba ikasimama juu ya barabara kuu, juu ya malori, na ile 'tufungulieni' yetu, ambayo tulikuwa tumeipigia kelele nusu saa, ikawa ni ombi ambalo jiwe lingeona haya kulikataa. Madirisha ya majirani yakafunguka. Mzee mmoja Mwingereza akatoka na ndara miguuni na gazeti mkononi, akasimama kwenye mvua kama mtu aliyeitwa jina. Wanawake wawili kati yetu waliacha kuimba kabisa.

Mlango ukafunguliwa. Mama Njeri alikuwa bado amepiga magoti, na macho yamelowa.

Laiti ingeishia pale. Ukumbini emsii akamwita asalimie watu, na kwetu kusalimia watu ni kuimba. Akaimba. Wazee wa upande wa pili wakasema na wao hawajasikia, akaimba. Kati ya nyimbo kila mtu alitaka kuongea naye, na spika zilikuwa zinapiga muziki wa kutikisa sahani, kwa hiyo ilimbidi apaaze sauti ili kumwambia kila mama jina lake, na nchi yake, na kwamba hapana, bado hajaolewa. Mwalimu wake baadaye alisema hayo mazungumzo ndiyo yaliyomaliza kazi. Saa tisa aliniomba twende. Nikamwambia keki bado.

Jumapili asubuhi nilibisha mlangoni kwake, sikujibiwa. Nikafungua. Alikuwa amekaa kitandani na daftari mapajani. Alifungua mdomo, akanionyesha: hewa tu. Kisha akaandika neno moja, Haipo. Chini yake akaandika kwamba nisimwongeleshe, kwa sababu akinisikia atajibu.

Ungedhani hapo nimejifunza. Nilikwenda kanisani nikawaeleza kina mama, na baada ya ibada wakaja kumi na mmoja, Mungu awabariki, na tangawizi, na malimau, na vitunguu saumu vya kutosha kufukuza jeshi, na mama mmoja Mkongomani akaleta mzizi ambao jina lake alilijua kwa Kifaransa tu. Wakauchemsha, nami vitunguu saumu nikavifanya chai. Wakasimama sebuleni wakaomba kwa sauti kuu iliyoziba hata televisheni ya jirani. Daiva alikuwa juu ya ngazi, mikono ameikunja kifuani, anawainamia mmoja mmoja. Mimi niliona ni imani imemgusa. Kumbe hakuwa na sauti ya kuwaomba waondoke.

Mchana nikapanda mabasi mawili mpaka Balsall Heath kutafuta asali halisi. Huko alikuwepo Mama Zamzam, Msomali wa Garissa aliyepitia Uholanzi, mwenye kijiduka cha chai katikati ya mikahawa ile ya Wapakistani. Alinizidi miaka ishirini, na alinijua tangu wiki yangu ya kwanza Birmingham nilipoingia kwake nikilia kwa baridi. Nikamhadithia yote, nikiipamba pale kwenye mlango kufunguka, maana hata kwenye majuto yangu sehemu ile nilikuwa bado naionea fahari. Alikuwa anakata sambusa. Akaniachia nimalize.

"Huyo msichana alikuambia nini pale mlangoni?"

Nikamwambia: alisema Jumatatu.

"Na wewe ukasikia nini?"

Nikaanza tena habari ya mlango kufunguka. Akaweka kisu chini.

"Mghoi, wewe uliipa harusi zawadi, na wallahi ilikuwa nzuri. Lakini haikuwa yako. Ulimvua mwenzako ukawapa watu, wakakupigia wewe makofi." Akanimiminia chai, maana hakujua kumgomba mtu bila kumpa chai. "Asali nitakupa. Lakini nenda umwombe radhi, na usimdai akujibu. Kooni kwake leo hakuna nafasi ya kukusamehe."

Nilirudi na basi nimeikumbatia chupa ya asali kama mtoto mgonjwa. Nilikuwa nimezoea kuomba radhi ili niambiwe si kitu. Nafikiri wengi tuko hivyo. Tunamwendea tuliyemuumiza tukiwa na mzigo, tunamwachia yeye kazi ya kuutua. Siku hiyo nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, nikasema nilichofanya, chote, na kile nilichosikia pale mlangoni. Kisha nikanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kumgeuza mzee mwenye kilo mia moja kitandani. Daiva akalivuta daftari lake. Hakunisamehe, hakunifukuza. Akaandika kwamba kesho nimpigie simu ile kampuni, niseme haji.

Hapo nikapata jaribu langu la mwisho. Nilikuwa na hotuba tayari. Nilitaka kumwambia aende tu, aende kwa imani, maji ya moto na asali na mapenzi ya Mungu yatafungua. Nadhani aliona midomo yangu inacheza, akaandika tena: akilazimisha Jumatatu anaweza asiimbe mwaka mzima. Nikaimeza ile hotuba. Ilikuwa chungu kuliko mzizi wa yule Mkongomani.

Jumatatu saa mbili nikapiga simu, yeye amekaa kwenye ngazi anasikiliza. Yule mama wa ofisini alikuwa na adabu. Nikamweleza kwamba Daiva hana sauti, na kwamba kosa ni langu, si uzembe wake. Akashukuru kwa kuwajulisha, akasema wapo wengi wa kusikilizwa, akamtakia afya njema. Basi. Haikumaliza dakika mbili. Saa nne, saa yenyewe, Daiva alikuwa jikoni anamenya viazi, na kikaratasi alikuwa amekitoa kwenye friji.

Kazi ile akapewa mwingine. Kesho yake alfajiri nilimsikia akishuka ngazi kwenda kwenye mayai.

Alikaa siku sita bila kutoa neno. Siku ya saba alikuja jikoni, akavuta kiti, akasema kwa sauti nzito kidogo, lakini sauti:

"Mghoi, chai yako ya vitunguu saumu ni mbaya. Ni mbaya sana. Siku sita nilikuwa natafuta jinsi ya kuliandika bila kukuumiza."

Tulicheka mpaka akaniashiria nimwachie koo lake. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Kwamba alinikasirikia, na bado ananikasirikia kidogo, ila amejikasirikia zaidi, kwa sababu mlango ule ulipofunguka alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi jukwaani. Alipendwa, na kupendwa kukamlevya, akasahau kuweka. Nikamwambia mlevi alikuwa yeye lakini aliyemimina ni mimi. Akasema hilo ni kweli, na kwamba nimpikie ugali.

Mwezi wa kumi ushirika ulikuwa na ibada ya shukrani, na Daiva akaja, maana hata baada ya yote alitupenda. Siku tatu mbele yake alikuwa na kampuni nyingine ya kumsikiliza. Emsii, kijana mcheshi asiyejua lolote, akautangazia ukumbi mzima kwamba tunaye yule mgeni wetu wa kufungua milango, apite mbele asalimie watu. Makofi yakaanza. Nikamwona Daiva anajifungua koti taratibu, uso umekuwa kama wa mtu anayeitwa na daktari.

Nikainuka mimi. Nikaenda mbele, nikachukua maiki, nikasema Daiva leo haimbi. Mwanangu, makofi yalikatika. Kuukatalia mkutano kwa niaba ya mgeni aliyeitwa ni utovu wa adabu, na niliyeufanya nilikuwa kiongozi wa kwaya. Mama mmoja akaguna. Mama Njeri akaniita kutoka safu ya tatu, kila mtu akisikia:

"Mghoi, tangu lini umekuwa askari wa getini?"

"Tangu nilipovunja geti mwenyewe, Mama Njeri."

Alinitazama. Yeye alikuwa nyuma ya ule mlango, alijua kilichofuata. Akaanza kucheka, na alipocheka Mama Njeri hakuna aliyeweza kubaki amenuna. Nikawaambia soprano wetu atatusalimia kwa Kiswahili na kwa mkono, na anayetaka zaidi asubiri tiketi. Daiva akasimama pale alipo, akasema asanteni na hamjambo, kwa mpangilio huo, akaketi.

Siku tatu baadaye nilikuwa kazini, simu ikalia mfukoni. Alikuwa kwenye jukwaa la treni, stesheni ya New Street. Alichokisema sikukielewa, nadhani ilikuwa lugha ya kwao, lakini alikisema kwa sauti nzima, ile ya Great Barr, na bibi niliyekuwa namvisha soksi akaisikia kutoka kwenye kile kisimu kidogo, akaniuliza kama ni malaika. Siku hiyo Daiva hakuweka kitu.

Alianza na vijinafasi vya mistari minne. Kisha mistari arobaini. Kisha wakampeleka Ujerumani, wakamrudisha, na siku moja, onyesho la mchana, nilikaa safu ya nyuma kabisa katika ukumbi wa mjini kwetu, pamoja na Mama Zamzam aliyelala sehemu ya kwanza akaamka kwa ajili yake. Ile sauti ilivuka okestra nzima ikatukuta. Hapakuwa na haja ya kuniita jina.

Sasa nikuambie ninachotaka ukibebe. Utawapenda watu wenye vipawa, mwanangu. Huenda ukamzaa mmoja, ukaoa mmoja, ukalala chumba kimoja na mmoja hosteli. Mpende, jivunie, mtangaze hata kwa dereva wa basi, hakuna ubaya. Lakini alichonacho ni chake, hata akikaa mezani kwako, na hata kama watu wako ndio wanaokiomba kwa mapenzi yote ya dunia. Akikutajia siku yake, iheshimu kama vile amekutajia ugonjwa wake. Sisi tuna desturi nzuri ya kumwita mtu mbele. Itunze, ila kwanza mwulize pembeni, kwa sauti ndogo, mahali ambapo hapana itamgharimu kidogo. Ukikosea, kama nilivyokosea mimi, sema ulichofanya bila kukipunguza, kisha umwache anyamaze kadiri anavyotaka. Na ukipata nafasi ya kurudisha, utairudisha mbele ya watu wale wale, na itakuaibisha. Kubali aibu hiyo. Mimi nimeivaa mara moja tu, na ndiyo nguo iliyonikaa vizuri kuliko zote.

Aliondoka Erdington mwanzoni mwa mwaka uliofuata, asubuhi yenye jua na baridi kali. Kina mama wakajaa sebuleni na vyakula vilivyofungwa kwenye karatasi za jaribosi. Kwao, akatueleza, msafiri hukaa chini kidogo kabla ya kutoka, na wote hukaa naye kimya. Tukakaa, wengine kwenye viti, wengine kwenye ngazi, na nakuapia hiyo ndiyo mara pekee niliyoona Wakenya ishirini wamenyamaza pamoja bila kuombwa na mchungaji. Alipoinuka, Mama Njeri alishindwa kujizuia. Akasema hata ubeti mmoja jamani, wa kutuaga. Mimi nikafungua mdomo.

Daiva akaniwahi. Kwa Kiswahili, akitabasamu, mkono kwenye bega la yule mama:

"Leo hapana, Mama Njeri."

Mama Njeri akamvuta, akamkumbatia na sanduku lake na koti lake lote.

"Sawa, mwanangu. Nenda nayo."

Nikamsindikiza hadi mlangoni. Maneno niliyomwambia pale ndiyo ninayokuombea na wewe, kwa hiyo yasikie kama yako: Mungu akulindie ulichopewa. Akupe watu wa kukipenda na akupe mdomo wa kuwakatalia, nao wasikuchukie. Siku yako ikifika ikukute mzima, na uitoe yote, bila kubakiza. Akaniitikia amina, akabeba sanduku, akashuka kile kidato kimoja cha mbele, akauvuta mlango nyuma yake, ukafunga.